Ndege wa Jumamosi

Ratiba ya kuanika nguo kwenye paa la jengo letu niliitunga mimi. Jumatatu ni ya ghorofa ya chini, Jumatano ya ghorofa ya kwanza, Jumamosi ya ghorofa ya pili, Ijumaa ni yetu sisi wa juu kabisa, na siku zilizobaki ni za mablanketi na dharura. Niliitunga baada ya wanawake wawili kurushiana pegi mbele ya watoto wao. Niliipiga chapa kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye mlango wa paa, na mpaka leo anayeivunja hukuta nguo zake zimekunjwa vizuri kwenye ngazi, wala hana haja ya kuuliza zimekunjwa na nani. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba sina pa kujificha. Kama kulikuwa na mtu mmoja Eastlands nzima aliyepaswa kujua kwa nini ndege wetu alikuwa akija Jumamosi tu, mtu huyo alikuwa mimi.

Jengo letu liko karibu na Barabara ya Jogoo, upande ambao honi ya treni inakuamsha kabla ya jogoo wa jirani. Nilikuwa mpiga chapa wa mahakama kule Makadara hadi nilipostaafu. Miaka yote hiyo niliandika maneno ya watu jinsi walivyoyasema, bila kuyatia chumvi, hata pale nilipoona wazi kwamba shahidi anadanganya mchana kweupe. Mume wangu alikuwa fundi wa simu na ishara za reli. Yeye alipenda kusikiliza kuliko kusema. Angeweza kukaa na redio mbovu tangu asubuhi, akizungusha kitufe polepole, akitafuta stesheni ambayo hata lugha yake haijui, na ukimuuliza anatafuta nini anakujibu kwamba anataka tu kujua kama ipo. Nilimcheka sana kwa hilo. Sasa natamani ningekaa karibu naye zaidi, hata kama ni kusikiliza kelele tupu.

Watu wa utafiti wa ndege walipokuja mtaani kutafuta paa la kusimamisha antena yao, walikuwa wameshakataliwa kwenye majengo kadhaa. Mwenye nyumba mmoja alitaka alipwe kodi ya anga. Wengine walisema huo ni mnara wa simu umefichwa jina, utawaletea maradhi. Aliyekuwa akiongoza kazi hiyo ni mwanamke kijana, mratibu wa vituo vyote vya upande wetu, na alikuwa amechoka mpaka viatu vilionyesha. Mume wangu alimkaribisha chai, akamwambia aeleze pole pole.

Alieleza hivi. Ndege wadogo wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja kwetu kuanzia mwezi wa kumi hunaswa kwa wavu laini, wakabandikwa mgongoni kidude chepesi kuliko punje ya njugu, kisha wakaachiliwa. Kidude hicho hutoa mlio wa redio, na kila kimoja kina namba yake. Ndege akipita karibu na antena, antena inaisikia namba, inaituma kwa mtandao wa simu, na watu wote wenye vituo, kuanzia kwenye bahari ya baridi huko kaskazini mpaka kusini kabisa mwa Afrika, wanaiona kwenye ramani moja. Kituo kimoja peke yake hakina maana, alisema. Kikimsikia ndege leo, hakijui ametoka wapi wala anakwenda wapi. Lazima mwingine awe amemsikia juzi, na mwingine amsikie kesho kutwa.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Hiyo ni reli," akasema. "Stesheni hii inapiga simu kwa ile, inasema treni imetoka kwangu, ipokee."

Kutoka hapo kazi ilikuwa yake. Aliitisha mkutano wa wapangaji. Mama wa ghorofa ya chini aliuliza kama antena hiyo itamwibia chaneli zake za televisheni, na mzee mmoja akataka kujua kama ni serikali inataka kusikia mazungumzo yetu. Mume wangu aliwajibu wote bila haraka, akamwambia mzee kwamba serikali ikitaka kusikia mazungumzo yake itakuwa imekosa kazi. Wiki hiyo hiyo alisimama juani akishikilia mlingoti wakati saruji ikikauka. Antena ilikuwa kama mifupa ya samaki iliyoelekezwa pande zote, na chini yake, kando ya tangi la maji, kulikuwa na kisanduku chenye taa ndogo ya kijani ambayo ingewaka kila mara namba inaposikika. Aliiangalia taa hiyo kila asubuhi.

Alifariki kabla ya msimu wa kwanza kuanza. Alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Tulimzika nyumbani kwao, upande wa magharibi, kwenye mlima wa mawe unaoangalia ziwa kwa mbali.

Kwetu, baada ya maziko, nguo za marehemu hugawanywa. Ndugu hukaa uani, sanduku linafunguliwa, huyu anapewa shati, yule suruali, mpwa anapewa viatu hata kama vinampwaya. Wala si umaskini. Ni namna ya kumfanya mtu asiondoke kabisa kwa mara moja. Mimi nilikataa. Nilirudi Nairobi na sanduku lile likiwa na kila kitu, hata koti zito la reli, la buluu iliyoiva, alilokuwa akilivaa zamu za asubuhi. Shemeji yangu, kitinda mimba wa familia ile, alinipigia simu kila baada ya muda, akisalimu vizuri, akiuliza habari za mvua, na mwishoni akigusia sanduku. Nilimjibu wasubiri kidogo. Aliniheshimu, akasubiri. Basi sanduku likakaa chini ya kitanda, antena ikakaa juu ya paa, na katikati nikawa nalala mimi.

Kazi ya mlinzi wa kituo ilinirithi bila kuniuliza. Kila Jumatatu sisi walinzi tulitoa taarifa kwenye kundi letu la simu. Kulikuwa na mtawa kwenye ziwa moja la Bonde la Ufa, mwalimu kule Turkana, askari wa mashamba ya chumvi pwani, na wengineo. Mtawa alisikia ndege mpaka akachoka kuwataja. Mwalimu alikuwa akiandika, "Ametoka kwangu jana alfajiri, jihadharini," na kweli baada ya siku mbili mtawa anaandika, "Nimempata." Nami kila Jumatatu niliandika maneno yale yale: Antena imesimama wima. Umeme upo. Hakuna ndege. Mwalimu alinitania kwamba naandika kama nasoma hukumu. Nilimwambia hukumu za kweli huwa ndefu kuliko hivyo.

Msimu wa kwanza ulipita hivyo, kimya. Wa pili ukafika Krismasi, bado kimya. Mratibu alikuja kukagua nyaya, akazipata ziko sawa. Alisema labda ni mabati mengi, labda ni kelele za redio za mji, labda ndege wenyewe wanatukwepa. Kisha akaniambia alichokuja kusema. Vyombo ni vichache, na kuna mahali pengine wanaviomba. Mvua ya masika ikianza kabla ya kituo chetu kusikia kitu, itabidi waking'oe.

Nilimwambia ninaelewa. Nilimsindikiza mpaka getini, nikarudi, nikafunga mlango, nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Antena ile ilikuwa jambo la mwisho aliloliomba kwa majirani zake, na walimkubalia. Aliposhikilia ule mlingoti alikuwa mzima.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya mwanzo. Nilikuwa nachambua mchele, simu ikalia, mratibu akaniuliza kama nimeona ramani. Sikuwa nimeiona. Kituo chetu kilikuwa kimesikia namba, tena si mara moja, ni mchana wote, mpaka jua lilipokaribia kuzama. Namba ilikuwa ya vidude vilivyotolewa kwa kituo kimoja huko kwenye bahari ya baridi. Nilipanda paani nikiwa na ungo mkononi. Taa ilikuwa imeshazima, na hakukuwa na kitu angani ila mwewe wetu wa kila siku. Hata hivyo nilisimama chini ya mlingoti, nikamwambia mume wangu kwa sauti kwamba wameanza kupita.

Siku ya tatu yake ukaja ujumbe kutoka kaskazini. Mahakama ilinifundisha Kiingereza, kwa hiyo niliusoma mwenyewe. Namba ile ilikuwa yao, walisema, lakini haikuwa imeandikwa ni ya ndege gani. Aliyekuwa akiwabandika ndege vidude pale ni mzee aliyejitolea kwa miaka mingi, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Walifikiri kwamba katika siku zake za mwisho alimbandika mbayuwayu mmoja, akamwachilia, akakosa nguvu za kuandika. Sasa ndege wake wa mwisho alikuwa amefika Nairobi. Waliposoma jina la kituo chetu, waliandika, ofisi nzima iliinuka kwenda kutazama ramani.

Nilimwonea mzee yule wivu kidogo, kisha nikampenda.

Jumamosi iliyofuata ndege akaja tena. Na iliyofuata. Kundi letu la simu lilifurahi kuliko mimi. Mratibu peke yake ndiye aliyekuwa na mashaka. Aliuliza inakuwaje mwalimu wa Turkana hakumsikia, wala mtawa. Nilimjibu kwamba hata treni ya haraka huzipita stesheni ndogo bila kusimama. Akacheka. Baada ya Jumamosi nyingine akanipigia tena.

"Mama," akasema, "ndege anayekuja Jumamosi mchana peke yake, jua likizama anaondoka, huyo si ndege. Huyo ni kibarua."

Nilicheka, halafu nikamnunia. Nilijiambia vijana wa siku hizi hawaamini kitu mpaka wakishike. Jumamosi moja ikanyesha tangu asubuhi, na ndege hakuja. Nikajiambia mbayuwayu hapendi kulowa. Mtu akitaka jambo liwe kweli, hakosi wakili.

Jumamosi iliyofuata niliamua kumwona kwa macho yangu. Nilipanda na kiti cha plastiki, chupa ya chai na mkate, nikakaa kando ya tangi la maji. Kamba zilikuwa zimejaa nguo za ghorofa ya pili. Jua lilikuwa kali. Taa ya kijani ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na mimi nikawa natafuta angani mpaka shingo ikaniuma. Waliokuwapo ni mwewe, kunguru, na ndege ya abiria. Taa ikaendelea.

Mchana ukapinda, wingu likaanza kujikusanya upande wa Gikomba. Jirani yangu wa ghorofa ya pili akapanda kuanua nguo zake. Ni fundi seremala, mtu wa Machakos, anafanya kazi Gikomba na anaishi peke yake kwa sababu mke na watoto wako nyumbani. Hujifulia mwenyewe, tena kwa usafi unaowaaibisha wake za watu. Alinisalimu, akaniuliza kama nimehamia huku juu. Kisha akaanua mashati, suruali, na mwisho koti moja la mvua la kijani, zito, lenye mifuko mingi, alilokuwa amelianika ndani nje ili jua lisilichubue. Akalikunja kwenye mkono, akaelekea mlangoni.

Taa ikazima.

Nilisubiri. Haikuwaka.

"Fundi," nikamwita, "rudisha hilo koti kwenye kamba."

Alisimama, akanitazama, akaitazama ratiba mlangoni. "Mathe, kwani leo si Jumamosi?"

"Ni Jumamosi. Lirudishe tu, kama lilivyokuwa."

Akalirudisha, ndani nje, na kabla hajaweka pegi ya pili taa ikawaka. Nilimwambia alianue, ikazima. Alianike, ikawaka. Masikini alifanya hivyo mara kadhaa bila kuuliza, akinitazama kwa huruma. Kisha tukalipapasa pamoja. Mfuko mmoja ulikuwa umetoboka, na chini, katikati ya wavu wa ndani wa koti, kulikuwa na kipunje cheusi chenye uzi mwembamba kuliko sindano. Hakikuwa na betri. Kilikuwa cha aina inayofanya kazi kwa mwanga wa jua tu. Wiki nzima kilikuwa gizani, kikienda na kurudi Gikomba kifuani mwa fundi, na Jumamosi kikifuliwa, kikianikwa, kikaamka.

Fundi aliuliza kwanza kama ni cha kumfuatilia yeye. Nilimwambia ni cha kufuatilia ndege, nikamweleza habari yote, pamoja na yule mzee wa kaskazini. Alisikiliza akiwa ameushika mkono wa koti. Alisema alilichagua mwenyewe baada ya Krismasi, siku bunda la mitumba lilipofunguliwa Gikomba, kabla watu hawajashika, lilikuwa kamera kabisa, daraja la kwanza, na tangu alipate hajawahi kuhisi baridi ya alfajiri. Aliona aibu, kana kwamba amelivua mgongoni mwa mtu. Nilimwambia nguo ya mtumba haina kosa.

Akafikiri. Halafu akasema jambo ambalo, ningekuwa na nguvu, ningemziba mdomo asiliseme.

"Mathe, si lazima wajue. Mimi kila Jumamosi nafua. Ndege wao atakuwa anakuja, na mnara wa mzee wako unabaki."

Nikamwambia nitafikiri, na kweli nilifikiri. Jumapili nilikwenda kanisani na sikumbuki hata mahubiri yalihusu nini. Fundi alikuwa amesema kweli. Hakuna ambaye angejua. Mvua ya masika ingefika, mlingoti ungekuwa umesimama. Huko kaskazini wangeendelea kuamini kwamba mwenzao alimwachilia ndege wa mwisho, naye ndege akafika mbali. Nilijiuliza: kama mtu angeniambia kwamba kitu cha mume wangu bado kinapita mahali fulani angani, hai, ningemshukuru yule atakayekuja kunisahihisha? Nisingemshukuru. Ningemfungia mlango.

Lakini kila nilipojaribu kuitunga taarifa ya Jumatatu, vidole vilikataa. Nimepiga chapa uongo wa watu wengi sana maishani mwangu. Wa kwangu mwenyewe sikuwahi. Na juu ya hayo kulikuwa na ile ramani. Mwalimu, mtawa, askari wa chumvi, wote walikuwa wanaweka alama zao kwa kuamini kwamba ya jirani ni ya kweli. Stesheni moja ikisema treni imepita na haijapita, mume wangu aliwahi kuniambia, watu hufa. Kwa ndege hakuna atakayekufa. Lakini ningekuwa nimeitia ramani yote doa, kwa jina lake, kutoka kwenye mlingoti alioushikilia.

Jumatatu niliandika: Antena imesimama wima. Umeme upo. Ndege wa Jumamosi si ndege. Ni koti.

Nikaeleza yaliyobaki kwa mistari michache, nikawaomba radhi watu wa kaskazini, nikaizima simu. Nilipoiwasha jioni, mwalimu wa Turkana, ambaye hakosi utani, alikuwa ameandika pole tu. Mratibu alinipigia. Alicheka kwanza, akacheka mpaka nikacheka na mimi, kisha akasema, "Basi kituo chako kinasikia, Mama. Ndege ndio hawapiti." Niliona amejitahidi kunipa kitu cha kushika.

Wa kaskazini walikawia kujibu, na kila siku waliyokawia niliihesabu kama hukumu. Jibu lilipofika lilikuwa na maneno ya mjane wa yule mzee. Walikuwa wamempelekea habari, naye akawaeleza kisa cha kidude. Mume wake alikuwa na kidude kimoja cha kujaribia antena. Alikuwa akitembea nacho ufukweni akikiinua juu ili waone kituo kinasikia mpaka wapi, na akifika mbali humpungia mkono mkewe aliyekuwa dirishani, kisha hukitia mfukoni. Koti mjane alilitoa mwenyewe, pamoja na nguo nyingine, alipoona hawezi tena kulipita likining'inia mlangoni. Hakukasirika. Alikuwa na swali moja tu. Mume wake alikuwa na mikono mirefu mno, kila koti lilikuwa likimwishia kabla ya kifundo, mpaka walipolipata lile. Alitaka kujua kama mikono ya koti inamtosha aliyenalo.

Nilisoma swali hilo mara nyingi. Kisha nikateremka ghorofa ya pili. Fundi alilivaa, akapanda nami paani, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mikono ilikuwa imempita mpaka vidoleni. Nilimwambia asikunje, aache ilivyo, nikampiga picha akicheka. Tuliituma hivyo hivyo. Jibu la mjane halikuwa na maneno mengi. Alisema ameona, na kwamba anashukuru limepata mtu wa kulifua.

Usiku ule sikulitazama sanduku. Nililitazama asubuhi.

Mvua ya masika ilianza kwa wakati wake. Mratibu alipokuja kung'oa antena, fundi alimsaidia kufungua boliti. Nilimuuliza inakwenda wapi. Alisema bado wanatafuta, wana pengo kati ya ziwa letu la magharibi na Bonde la Ufa, wamekosa mahali palipoinuka penye mtu wa kuaminika. Nikamwambia kuna mlima wa mawe nyumbani kwa mume wangu, wenye kanisa na watu wanaokaa hapo hapo. Nikamwambia nina shemeji.

Tulikwenda na pikapu lao. Nyuma kulikuwa na antena imefungwa kwa kamba, na kando yake sanduku. Mratibu aliliona, akalisogeza lisilowe.

Nguo tuligawana uani, jinsi ipasavyo. Nilidhani nitaanguka, na sikuanguka. Niliona shati la buluu likienda kwa mpwa wake, fulana ya sufu kwa mzee wa jirani, viatu kwa kijana ambaye hakuvifikia kabisa. Walisema mambo aliyowahi kuwafanyia, mengine sikuwa nayajua, na mengine yalinichekesha. Koti la reli nilimpa shemeji yangu kwa mikono miwili. Ni mfupi, ana kimo changu. Kaka yake alikuwa mrefu wa kugonga vizingiti. Alilipokea akalikunja kifuani, hakulivaa mbele yangu.

Siku iliyofuata walisimamisha mlingoti mwingine juu ya mawe, nyuma ya kanisa. Watu wa kaskazini walikuwa wameomba kile kidude kibaki huku kifanye kazi yake. Shemeji akateremka nacho mlimani amekiinua juani, sisi tukitazama taa. Alipofika mbali sana, karibu na kaburi, bado ilikuwa inawaka. Mratibu akampigia ukelele kwamba inatosha.

Nairobi nilirudi bila sanduku na bila kituo. Mlingoti wa zamani ulibaki kwa sababu saruji ilikataa kuuachia, na ghorofa ya kwanza wakafunga kamba yao pale bila kuniomba ruhusa. Sikuwakunjia nguo. Kundi la simu halikunitoa, nami sikutoka. Kila Jumatatu nilisoma taarifa za wengine, na shemeji yangu, aliyejifunza kwangu namna ya kutoa taarifa, aliandika: Antena imesimama wima. Umeme wa jua upo. Hakuna ndege.

Mwezi wa kumi ulifika. Jumatatu moja nilikuwa nimefikia bomba kwenye foleni ya maji, simu ikatetemeka. Shemeji alikuwa ameandika: Antena imesimama wima. Umeme wa jua upo. Ndege mmoja. Kabla sijamaliza kuisoma, mtawa wa Bonde la Ufa akaandika chini yake, "Nami nimempata leo alfajiri." Kisha ikaja picha.

Mtu alikuwa amesimama juu ya mawe chini ya antena, amenipa mgongo, ameinua uso angani, na amevaa koti la reli. Ndoo ilijaa, maji yakamwagika miguuni, wanawake nyuma yangu wakanung'unika. Sikuwasikia. Kwa muda ule alikuwa ni mume wangu, na alikuwa amesikia kitu.

Nilisogea kando na ndoo yangu. Nilitaka kumwandikia shemeji hongera, nikataka kumwandikia asante, na yote mawili sikuyaweza. Nilimuuliza kama mikono ya koti inamtosha.

Alijibu papo hapo. "Nimeikunja, shemeji. Lakini siikati."